Mayai Yaliyoharibika Kabla ya Kuatamiwa

Mwezi uliopita niliahidi kuendelea na habari za bustani ya mboga nyuma ya jiko. Naomba mniwie radhi, bustani itasubiri kidogo. Kuna jambo lililotokea hapa kwetu Ikuti ambalo nimeona nisilikalie kimya, maana najua si la mama mmoja peke yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa 5. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuja kwangu asubuhi na mapema akiwa amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Baada ya kusalimiana nilidhani ameniletea parachichi. Akafunua. Ndani yalikuwamo mayai 21, na harufu ilinijulisha mengine yalikuwa ya namna gani.

"Mama, naomba uyatazame haya," akaniambia. "Nimeweka mayai 26 chini ya kuku wawili, 13 kila mmoja. Wametotoa vifaranga vitano tu. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Karibu kwanza uketi, mwanangu. Tutayatazama pamoja."

Kabla ya kuyavunja nilitaka nijue habari yote. Binti yake mkubwa yupo darasa la saba, na walimu wanamtumaini. Akichaguliwa, mwezi wa 1 ataingia kidato cha kwanza. Ada katika shule za sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini kila mzazi ajua kwamba sare, viatu, madaftari, godoro na sanduku havikuondolewa. Yule mama alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: vifaranga 20 vikitoka mwezi wa 5, hata vikifa vitano, mwisho wa mwaka atakuwa na kuku wa kuuza na wa kubaki. Sasa baba watoto amesema kuku wale wawili wauzwe kwa sababu wanakula mahindi bure, na fedha ya godoro itoke kwa kuuza ndama jike waliye naye. Ninyi mnaoishi Rungwe mnaelewa maana ya kuuza ndama jike. Ni kuuza maziwa ya nyumba ya miaka ijayo.

Mama mkwe wake naye alikuwa na neno lake. Alisema ni radi. Mwezi wa 4 huku Tukuyu mvua haina mchezo, na siku kadhaa kulipiga radi kubwa. Bibi alisema kwamba mayai yalikosa kuwekewa msumari kiotani, ndiyo maana radi iliyaua.

Basi tukaenda nyuma ya nyumba tukiwa na sahani kuukuu na jembe la kufukia, nikajifunga kitambaa puani, tukaanza kuyavunja moja moja. Nawashauri nanyi mfanye hivyo kila mayai yanapokataa kutotolewa. Wengi wetu huyatupa shimoni kwa hasira bila kuyatazama, nasi hurudia kosa lile lile msimu unaofuata. Yai lililokufa husema liliuawa na nini, mradi ulivunje na ulitazame.

Mayai 10 ya kwanza yalikuwa safi kabisa ndani, kiini cha njano kimelegea lakini hakuna damu, hakuna mshipa, hakuna dalili yoyote kwamba mtoto alianza. Nikamwuliza, "Haya ya rangi ya kahawia ni ya kuku wako?" Akainamisha kichwa. Kumbe kuku wake alikuwa ametaga mayai 16, naye akaona ni machache kwa kuku wawili, akanunua 10 dukani ili ajazie. Hapo jibu la kwanza likapatikana. Mayai ya trei yanayouzwa madukani kwa kawaida hutoka kwa kuku wa kisasa wa mayai ambao hufugwa bila jogoo. Kuku hutaga bila jogoo kama kawaida, lakini yai hilo halina mbegu. Ni chakula kizuri cha watoto, lakini hata ukiliatamisha mwaka mzima halitotoi. Kama wahitaji mayai ya kujazia, nunua kwa jirani mwenye jogoo unayemfahamu, jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10, awe amekaa nao angalau wiki mbili.

Yalibaki mayai 11 yake mwenyewe. Mawili yalikuwa yameoza. Hayo tuliyafukia upesi. Mawili yalikuwa na vifaranga vilivyokamilika, vyenye manyoya, vilivyofia ndani katika siku za mwisho. Lakini mayai saba, mama wenzangu, yalikuwa na kitu kimoja cha kufanana: pete nyembamba ya damu juu ya kiini, au doa jeusi lenye mishipa michache iliyokauka. Vijusi hivyo vilianza, vikafa katika siku za mwanzo kabisa. Hapo ndipo nilipouliza swali nililotakiwa kuanza nalo.

"Mayai uliyaweka wapi kabla ya kumpa kuku?"

"Jikoni, mama. Kwenye kikapu kile kinachoning'inia juu ya mafiga, ili yasipate baridi."

Alifanya kwa upendo, kama anavyomfunika mtoto shuka. Nami sikumcheka, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo hivyo nilipoolewa. Kwetu ni baridi, na mama yeyote akiliona yai hufikiri kwamba lahitaji joto. Ukweli ni kwamba yai lililokwisha kupata mbegu lina uhai uliolala. Kabla halijatagwa, mwanzo wa kifaranga huwa umekwisha kuanza kukua ndani ya mwili wa kuku. Likitoka nje na kupoa, ukuaji husimama, na mbegu hulala usingizi ikisubiri. Usingizi huo ni salama pakiwa na ubaridi wa wastani, nyuzi joto 13 hadi 18 za Sentigredi. Joto likipita nyuzi 20 na kitu, mbegu huanza kuamka.

Sasa fikiri juu ya kikapu kile. Asubuhi unawasha moto wa chai, mbegu inaamka. Moto unazimika, inapoa. Mchana unapika ndizi, inaamka tena. Usiku jiko linapoa kabisa. Inaamka na kulala hivyo kwa siku 10, 15, 20, bila joto la kutosha kuimaliza kazi. Inachoka, inakufa, au inabaki dhaifu hata ikifika kwa kuku haina nguvu ya kumaliza wiki ya kwanza. Mayai yale saba yalikuwa yameharibika kabla kuku hajayakalia. Kuku hakukosa, na radi haikuhusika.

Kuna na jambo la umri wa mayai. Kuku wake alitaga mayai 16 kwa muda wa siku 22, naye aliyakusanya yote akayaweka pamoja. Maana yake, yai la kwanza lilikuwa na wiki tatu siku ya kuatamiwa. Yai la kutotolesha ni zuri mno likiwa na siku zisizozidi saba. Baada ya hapo uwezo wake hupungua kila siku, na likipita wiki mbili unabahatisha tu.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: mbona kuku anayejificha migombani hutaga mayai yake 14 kwa wiki tatu, kisha hurudi nyumbani na vifaranga 12? Ni swali la haki. Kuku yule kila anapokwenda kutaga huyakalia mayai yake kidogo na kuyageuza, kisha huondoka yakapoa. Watafiti wa mambo ya kuku wamejaribu jambo kama hilo kwenye viwanda vya vifaranga, wakaona kwamba mayai yanayokaa muda mrefu stoo hutotoa vizuri zaidi yakipashwa joto kamili kwa saa chache kisha yakapozwa. Lakini joto hilo hupimwa kwa saa na kwa kipimo. Jiko la kuni halipimwi, leo unapika maharage saa nne, kesho unachemsha chai tu. Kuku ajua anachofanya. Sisi na mafiga yetu hatujui.

Hapa ndipo nataka niwape habari njema ninyi wa Ikuti na vijiji vyote vya juu vya Rungwe. Baridi ambayo twailalamikia kila siku ndiyo stoo ya mayai tuliyopewa bure. Mwenzetu wa Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, ana joto kubwa na hulazimika kutafuta ubaridi. Huyo humfaa chungu cha udongo kilichozikwa nusu katika mchanga unaonyunyizwa maji, kikafunikwa kitambaa, kikae kivulini. Maji yanapokauka hupoza chungu. Wewe wa Ikuti wahitaji tu kona ya chumba isiyopigwa na jua, mbali na jiko na mbali na upepo wa mlangoni. Chini ya kitanda pafaa sana. Ila friji haifai, mwenye friji asidanganyike; ubaridi wake ni mkali mno na huiua mbegu ukikaa nao. Hali kadhalika katika usiku wa mwezi wa 6 na wa 7, usiyaache mayai kwenye kibanda cha mbao chenye mianya. Yalete ndani.

Kusanya mayai kila siku, hata mara mbili ikiwezekana. Ili kuku asihame kiota, mwachie yai moja la bandia au yai viza ulilolitia alama. Andika tarehe juu ya ganda kwa penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu ganda lina matundu madogo mno ambayo kifaranga hupumulia. Kwa sababu hiyo hiyo usiyaoshe mayai ya kutotolesha. Yai linapotagwa huwa na utando mwembamba juu unaozuia vijidudu. Ukiliosha unauondoa, na maji yenyewe husukuma uchafu ndani. Nadhani mayai yale mawili yaliyooza yalioshwa, maana mama alikiri kwamba machache yalikuwa na kinyesi naye aliyasugua kwa maji baridi. Yai lenye uchafu kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu. Lenye uchafu mwingi lipeleke kwenye kikaango. Dawa yenyewe ni kiota kikavu chenye nyasi zinazobadilishwa.

Yapange mayai ncha iliyochongoka ikiwa chini na upande mpana ukiwa juu. Upande mpana ndipo penye kifuko cha hewa, na kifaranga atavuta pumzi yake ya kwanza humo. Trei ya karatasi yatosha. Usipokuwa na trei, tumia bakuli la pumba au la ulezi, yasimame kama bibi zetu walivyofanya. Kama yatakaa zaidi ya wiki moja, inamisha trei kila siku, leo upande huu, kesho ule, ili kiini kisigande kwenye ganda. Mayai uliyoyanunua mbali na kuyasafirisha kwa bodaboda au daladala usiyaweke chini ya kuku siku hiyo hiyo. Yaache yatulie mpaka kesho yake. Yachague pia. Makubwa kupita kiasi huwa na viini viwili, madogo mno hutoa vifaranga visivyo na nguvu, na yenye ufa huoza. Gonganisha mawili polepole karibu na sikio: yenye ufa hutoa mlio mfu.

Sasa tuje kwenye kuatamisha. Kwa mama mwenye kuku wawili watatu, sioni mashine inayomshinda kuku wa kienyeji. Chini ya tumbo lake, manyoya humpukutika akabaki na sehemu ya ngozi tupu yenye damu nyingi, naye hulibana yai kwenye ngozi hiyo. Wengi wenu mliojifungua watoto njiti mlifundishwa hospitalini kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzia Bogota, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipopungukiwa na mashine za kuwatunzia watoto. Na mashine zenyewe za watoto njiti zina asili ya ajabu. Katika miaka ya 1880 daktari mmoja wa wazazi huko Paris, aitwaye Stéphane Tarnier, alikuwa ameona mashine za kutotolesha vifaranga katika bustani ya wanyama, akaagiza itengenezwe ya namna hiyo kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hivyo yule anayesema kuku hana la kutufundisha, amwulize mama aliyetoka wodini na mtoto wake hai.

Mpe kuku mayai 10 hadi 12 anayoweza kuyafunika yote, si 13 au 15 yanayochungulia pembeni. Yanayobaki nje hupoa, kisha kuku huyazungusha ndani na kuyatoa mengine, mwisho yote yanapata baridi kwa zamu. Naamini vile vifaranga viwili vilivyofia ndani vilipatwa na hayo, pamoja na ile mvua. Kiota cha jirani yangu kilikuwa chini ya uchaga wa kuni, paa linavuja. Nikamwambia mama mkwe wake kwa heshima, nilipokwenda kumsalimu, "Bibi, siku ya radi mvua ilimlowesha kuku, akakimbia kiota usiku. Baridi ndiyo iliyoyaua." Bibi akafikiri, akasema kwamba hata hivyo msumari haudhuru. Nami nikakubali, msumari haudhuru. Lakini aanze na paa.

Kabla ya kumlaza kuku, kagua utitiri. Weka majivu makavu chini ya nyasi za kiota, maana kuku anayeumwa usiku kucha huondoka. Mwekee maji na mahindi karibu, kwa sababu yeye hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20, akila na kunya. Usiogope anapotoka, mayai hayaharibiki kwa muda huo.

Na hapa pana siri ambayo akina mama wengi bado hawaitumii. Kama una kuku watatu, usimwache kila mmoja aatamie wakati wake. Anayetangulia kutaka kuatamia mpe mayai ya bandia au viza, ayalalie hayo huku ukiwasubiri wenzake kwa wiki moja au mbili. Wote wakiwa tayari, usiku mmoja wape mayai mazuri pamoja. Watatotoa pamoja, nawe utawakabidhi mama mmoja au wawili vifaranga vyote, na yule wa tatu atarudi kutaga mapema. Badala ya kulea makundi matatu ya umri tofauti, unalea kundi moja, unachanja siku moja na unauza wakati mmoja. Wakabidhi usiku, wasijue.

Siku ya saba, giza likiingia, yamulike mayai. Zamani tulitumia tochi na karatasi iliyoviringishwa. Siku hizi taa ya simu yatosha. Weka yai kwenye tundu la ngumi yako, mwanga ukitokea upande mpana. Ukiona mishipa imetawanyika kama mizizi kutoka doa moja, ashukuriwe Mungu, kifaranga yupo. Ukiona mwanga mtupu, halina kitu. Ukiona pete ya damu, limekufa. Yaondoe hayo. Kama jirani yangu angelimulika siku ya saba, angeyatoa mayai 17 siku ile ile na kumwekea kuku mmoja yaliyobaki, na yule wa pili angerudi kutaga tangu mwezi wa 4. Hasara ya wiki mbili za kuku si ndogo kwa nyumba inayohesabu godoro.

Habari ya mashine nitaisema kwa ufupi, maana wengi mmeniandikia juu yake. Kutotolesha bila kuku si jambo la kizungu wala la jana. Wamisri walijenga matanuri ya matofali ya kutotolesha maelfu ya mayai tangu zamani za kale, na mafundi wao walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope ya jicho. Huko Uchina na Bangladesh wapo waliototolesha bata kwa kufukia mayai katika pumba za mpunga zilizopashwa moto. Nawe waweza, mradi ujue mashine ndogo inakutaka uwe kuku kwa siku 21. Joto liwe nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Isiyo na feni liwe nyuzi 38 na nusu hivi, kipimajoto kikiwa usawa wa migongo ya mayai. Bakuli la maji liwemo ndani. Geuza mayai mara 3 au 5 kwa siku. Hesabu iwe witiri ili upande uliolala usiku wa leo usilale tena kesho. Andika X upande mmoja na O upande wa pili. Siku ya 18 acha kugeuza, ongeza maji, na usifungue tena mpaka vitoke.

Joto kuzidi huua upesi kuliko baridi. Umeme ukikatika, usifungue sanduku. Lifunike kwa blanketi na usubiri. Saa chache za kupoa huchelewesha vifaranga lakini mara nyingi haziviui. Nyuzi 40 na zaidi kwa muda mfupi huweza kumaliza vyote. Anayetengenezewa sanduku na fundi ajue kwamba balbu za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la kutosha, na kwamba sanduku lisilo na kifaa cha kuzima na kuwasha lenyewe litakukosesha usingizi. Mayai ya bata wa kawaida huchukua siku 28, bata mzinga 28, kanga 26 hadi 28, na bata wenye nyama nyekundu usoni, siku 35. Usiyachanganye na ya kuku.

Jambo moja nitalisema kwa sauti kubwa. Usiku wa baridi wengine huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupasha mayai au vifaranga, na watoto wamelala humo humo. Mama mwenzangu, usifanye hivyo hata siku moja. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Afadhali ukose vifaranga.

Na wakati wa kutotoa ukifika, subira. Kifaranga akishatoboa ganda aweza kuchukua siku nzima kutoka. Wengi humhurumia wakammenya kama yai la kuchemsha, akatoka damu akafa. Bado anaimaliza damu iliyo kwenye utando na anakivuta kiini cha njano tumboni. Kiini hicho humlisha siku mbili za mwanzo, ndiyo sababu vifaranga vya siku moja husafirishwa kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya bila chakula vikafika salama. Kwa hiyo usimsumbue kuku kumwondoa kiotani eti vifaranga vina njaa. Atatoka mwenyewe vikikauka.

Mrudie jirani yangu. Baba watoto alikubali kusubiri mara moja tena, nami nilikwenda kuzungumza naye, nikamwonyesha sahani ile kwa maneno tu, maana vitu vyenyewe tulikwisha kuvifukia. Paa lilizibwa kwa kipande cha bati. Kikapu cha juu ya mafiga sasa kina vitunguu. Mwanzoni mwa mwezi wa 7 binti mwenyewe ndiye aliyekuwa akikusanya mayai na kuandika tarehe kwa penseli yake ya shule, akiyaweka chini ya kitanda cha bibi. Yalipatikana mayai 12 yasiyozidi siku nane, ya kuku wake na ya jirani mwenye jogoo. Yaliwekwa chini ya kuku usiku wa tarehe 10. Usiku wa tarehe 17 tulimulika watatu, bibi akiwa ameshika simu: 11 yalikuwa na mishipa.

Tarehe 31 vilitoka vifaranga 10. Kimoja kilifia gandani. Wametengewa kona kavu ndani ya nyumba, vinalala na mama yao kwenye tenga lililowekwa nyasi nyingi kwa sababu ya baridi, na vinakula uji mkavu wa mahindi uliochanganywa na mchwa na dagaa waliopondwa. Kinachofuata ni kideri. Afisa mifugo wa kata amekwisha kuambiwa, na akina mama wanane wa mtaa ule wameunganisha fedha za kununua chupa moja ya chanjo ya matone ya macho, kwa kuwa ikishafunguliwa haikai, na chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Kuku wa pili amebaki anataga, na mayai yake ya kwanza matano yapo chini ya kitanda cha bibi, ncha chini, tarehe juu. Bibi ameweka na msumari kando ya trei.